Kupita Msituni Hadi Ziwani: Mwongozo Kamili wa Matembezi ya Kwanza ya Familia

Matembezi mengi ya kwanza ya familia huharibikia mezani, kabla hata mtu hajavaa viatu. Mzazi anafungua ramani, anaona njia ya kilomita 9, anajiambia ni mwendo mfupi tu, na hapo hapo ameshaandaa kilio cha saa nane mchana. Amepima kwa miguu yake. Mwongozo huu unapima kwa miguu ya yule aliye mdogo kuliko wote, na unahesabu saa badala ya kilomita. Hilo likikaa sawa, mengine yote yanapangika.

Kwa nini msitu na ziwa, na si mlima au uwanda wazi? Msitu una kivuli, ardhi yake ni laini kwa magoti, na kila baada ya hatua kumi kuna kitu cha kuokota. Ziwa nalo linampa mtoto mahali pa kwenda. Mwambie mtoto "tunakwenda kutembea" naye atakuuliza mpaka wapi. Mwambie "tunakwenda ziwani" na hana swali. Isitoshe, maji hutulia pale ardhi ilipo chini, kwa hiyo kijia kinachofuata ufuo mara nyingi hakina mwinuko wa kumkatisha mtu tamaa.

Hatua ya 1: Chagua njia kwa saa, si kwa kilomita

Mwaka 1892 Mskoti mmoja mpanda milima, William Naismith, aliandika kanuni ambayo watembeaji wanaitumia hadi leo: saa moja kwa kila kilomita 5, na saa nyingine moja kwa kila mita 600 za kupanda. Inamfaa mtu mzima mwenye afya ambaye hasimami njiani. Kwa familia, ichukulie kuwa ndio mwendo ambao hamtaufikia, na wala hampaswi kuufikia. Nikiwa na mtoto wa chini ya miaka saba mimi hupanga kilomita 2 kwa saa, vituo vyote vikiwemo, na sijawahi kujuta kwa kupanga hivyo.

Kwa matembezi ya kwanza, hivi ndivyo ninavyoshauri. Mtoto wa miaka mitatu hadi mitano, kilomita 2 hadi 3, kwenda na kurudi. Miaka sita hadi tisa, kilomita 4 hadi 6. Kumi na kuendelea, hata 8 kama ni mtoto wa mbio na michezo. Mtu mzima ambaye hajatembea safari ndefu kwa miaka aanzie 5. Wa chini ya miaka mitatu atatembea kidogo na kubebwa sana, kwa hiyo chukua mbeleko. Kigari cha mtoto ni cha njia zilizosawazishwa tu, maana mizizi hukisimamisha kila baada ya mita chache.

Pima njia mwenyewe. Kwenye ramani ya kipimo cha 1:25,000, kila sentimita 4 ni kilomita 1. Kwenye 1:50,000, ni sentimita 2. Chukua uzi, ulaze juu ya kijia ukifuata kila kona, halafu unyooshe kwenye rula. Kisha tazama mistari ya kontua, yaani ile inayounganisha mahali penye kimo kimoja. Njia inayokwenda sambamba na mstari mmoja bila kuukata ni ya tambarare. Inayokata mistari mingi iliyobanana ni ya kupanda, hata kama kwenye karatasi inaonekana fupi.

Sasa linakuja jambo ambalo wengi hawalitarajii. Kwa mara ya kwanza, msiende njia ya kulizunguka ziwa. Nendeni na mrudi kwa njia ile ile. Najua kuzunguka kunavutia zaidi, lakini mkishapita nusu ya duara, njia fupi ya kurudi nyumbani ni kuendelea mbele, na mtoto aliyechoka hana akiba ya kuendelea mbele. Njia ya kwenda na kurudi unaweza kuigeuza popote: mvua ikianza, tumbo likiuma, usingizi ukija. Pia ufuo hudanganya. Ziwa linaloonekana dogo lina vighuba na pembe zinazoingia na kutoka, na kijia kinazifuata zote. Duara la ziwa liwe zawadi ya safari ya pili au ya tatu, mkishajua mwendo wenu.

Jambo la mwisho katika kuchagua: ziwa liwe mwisho wa kwenda, lisiwe mwanzo. Ukiegesha gari pembeni ya maji, watoto hawataingia msituni tena. Watakaa kwenye maji mpaka jioni na hutawalaumu. Tafuta mahali pa kuanzia palipo msituni, mwendo wa dakika arobaini hadi saa moja kutoka ufuoni. Maji yanapoanza kumetameta katikati ya mashina ya miti, hata aliyekuwa akiburuta miguu huchangamka.

Hatua ya 2: Chagua siku na saa

Asubuhi ina faida mbili. Ya kwanza ni utulivu wa ziwa. Jua likipanda, nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji. Hewa ya juu ya ardhi hupaa na ile ya baridi kutoka ziwani huja kujaza nafasi yake. Ndiyo maana ziwa lililokuwa kama kioo saa mbili asubuhi linaweza kuwa na mawimbi na upepo wa usoni ifikapo saa saba. Ya pili ni radi: mawingu ya ngurumo mara nyingi hujengeka mchana joto linapokuwa kali. Anza kutembea saa mbili au saa mbili na nusu, na upange kuwa mmemaliza angalau saa mbili nzima kabla ya jua kuzama, maana chini ya miti giza huingia mapema kuliko uwanjani.

Kama mmechelewa na hamjui muda uliobaki, nyoosha mkono mbele na ulaze kiganja chini ya jua, vidole vinne vikiwa vimebanana. Kila kidole kati ya jua na upeo wa macho ni takriban dakika 15, na kiganja kizima ni kama saa moja. Usilikodolee jua lenyewe. Ni makadirio tu, ila yanatosha kukuambia ugeuke.

Ahirisha safari kwa sababu mbili bila aibu yoyote: utabiri wa ngurumo, na upepo mkali. Upepo unapotikisa msitu, matawi makavu yaliyokuwa yamening'inia miezi mingi ndipo yanapodondoka. Mvua ya jana si sababu ya kuahirisha, lakini ujue mizizi iliyolowa huteleza kama sabuni.

Hatua ya 3: Miguu

Hakuna haja ya kununua viatu vya milima kwa njia ya tambarare. Raba zilizozoeleka, zenye soli yenye meno, zinatosha. Zilizozoeleka, nasisitiza, kwa sababu kiatu kipya cha bei kubwa kitakuchubua kuliko raba kuukuu. Kukagua kiatu cha mtoto, kilegeze kamba, sukuma mguu wake mbele mpaka vidole viguse ncha, kisha jaribu kupitisha kidole chako nyuma ya kisigino. Kikipita kwa kubana kidogo, kiatu kinamfaa. Kata kucha za vidole vya miguu jana yake.

Kisigino kinachopanda na kushuka ndani ya kiatu ndicho kinachozaa malengelenge. Dawa yake iko kwenye kamba. Raba nyingi zina tundu la ziada pale juu kabisa, ambalo watu hawalitumii. Pitisha kamba kwenye tundu hilo ukiwa upande ule ule, kutoka nje kwenda ndani, ili kibaki kitanzi kidogo kila upande. Sasa vusha kila ncha ya kamba na uipitishe ndani ya kitanzi cha upande wa pili, vuta kuelekea chini, halafu funga kama kawaida. Utahisi kifundo kimeshikwa bila vidole kubanwa. Mfunge mtoto hivyo akiwa ameketi, kisigino chake kikiwa kimekandamizwa nyuma.

Soksi ziwe za sufu au za nyuzi zinazokauka haraka. Pamba hunyonya jasho na kubaki nalo, na kitambaa kilicholowa ndicho kinachosugua. Kwa sababu hiyo hiyo fulana ya pamba ikiloa kwa mvua humpoza mtoto vibaya. Suruali ndefu, na mahali penye kupe miguu ya suruali iingizwe ndani ya soksi. Kofia, na sweta hata kama asubuhi ina joto, maana kandokando ya maji upepo una tabia zake.

Hatua ya 4: Begi

Begi la mtoto, pamoja na vilivyomo, lisizidi asilimia 10 ya uzito wake. Wa kilo 20 abebe kilo 2, yaani chupa ya maji, sweta yake na kitu kimoja anachokipenda. Abebe, mtoto mwenye begi lake ni msafiri, asiye nalo ni mzigo, na tofauti unaiona kwenye mwendo wake. Mengine yako kwako:

- Maji: nusu lita kwa saa kwa mtu mzima, nusu ya hapo kwa mtoto mdogo, na lita moja ya akiba. Joto likizidi, ongeza.
- Chakula ambacho hakihitaji kijiko, kikiwa kimegawanywa mara tatu: cha njiani, cha ziwani, cha kurudi. Hiki cha mwisho kifiche. Walio chini ya miaka mitano wasipewe njugu nzima, wala wasile huku wakitembea.
- Plasta za malengelenge, bandeji, kibano chembamba, dawa ya kusafishia kidonda, na dawa za kila mmoja anazotumia kawaida. Mwenye mzio mkali wa nyuki asitoke bila dawa yake.
- Koti la mvua kwa kila mtu, jozi mbili za soksi za akiba kwa kila mtoto (moja itaingia ziwani), taulo dogo.
- Dawa ya kufukuza wadudu, na krimu ya kukinga jua yenye kiwango cha kinga (SPF) cha 30 au zaidi, ya kupaka tena kila baada ya saa mbili. Maji huakisi miale, kwa hiyo paka hata chini ya kidevu.
- Tochi, simu iliyojaa chaji, betri ya akiba, na ramani ya karatasi.
- Mfuko wa takataka, na koleo dogo la bustani.

Koleo ni la haja kubwa, kwa sababu mtoto hachagui wakati. Mpeleke angalau mita 60 kutoka kwenye maji na mbali na kijia, chimba shimo la sentimita 15 hadi 20, fukia, na karatasi mwondoke nazo kwenye mfuko.

Hatua ya 5: Kabla hamjaondoka

Pakua ramani ya eneo kwenye simu ili ifanye kazi bila mtandao. Ramani za OpenStreetMap, mradi ulioanza mwaka 2004, ni za bure na mara nyingi zinaonyesha hata vijia vidogo vya msituni. Mahali pa kuanzia, piga picha ubao wa njia. Mtumie mtu asiyekwenda nanyi ujumbe wenye mambo manne: mnaanzia wapi, mnapita njia gani, mko wangapi, na saa ngapi akiwa hajasikia kutoka kwenu apige simu kuomba msaada. Hifadhi namba ya dharura ya nchi mliyopo. Nchi nyingi hutumia 112.

Kisha keti na watoto. Kuna somo moja ambalo lazima walijue kabla ya kuingia msituni, na mimi huwafundisha kwa kucheza, nyumbani, siku moja kabla. Ukigeuka na usituone, simama. Tafuta mti, ukumbatie, kaa nao. Usitutafute, sisi ndio tutakaokutafuta. Piga filimbi mara tatu, pumzika, piga tena. Hukukosea na hakuna atakayekugombeza. Wazo la kukumbatia mti lilianza kufundishwa San Diego, Marekani, mwaka 1981, baada ya mtoto wa miaka tisa kupotea na kufariki, na nguvu yake iko pale: mtoto aliyetulia mahali pamoja hupatikana mapema kuliko anayezidi kwenda. Maneno ya kutogombezwa yasiachwe, maana mtoto anayeogopa adhabu anaweza kujificha hata kwa wanaomtafuta. Filimbi ifungwe kwenye mkanda wa begi lake, isining'inie shingoni, inaweza kunasa tawi.

Kubalianeni pia, watu wazima, saa ya kugeuka. Mkiwa na saa nne kwa jumla, ikifika saa moja na dakika arobaini na tano tangu mlipoanza, mnageuka, ziwa liwe limeonekana au la. Lisemwe kwa sauti, watoto wakisikia.

Hatua ya 6: Msituni

Dakika kumi za kwanza nendeni polepole kupita kiasi. Kisha simameni, kila mtu akague viatu, na muulize kila mtoto swali moja: "Kuna mahali pa moto mguuni?" Mahali pa moto ni lengelenge ambalo bado halijazaliwa. Bandika plasta pale pale, kwenye ngozi kavu. Ukisubiri mpaka ziwani, utakuwa unatibu kidonda.

Mtu mzima mmoja mbele, mmoja nyuma, na mdogo kuliko wote awe wa pili kutoka mbele. Ndiye anayeweka mwendo. Akiwekwa nyuma atakuwa anakimbiza migongo ya watu safari nzima, na wakubwa watakuwa wanasimama kumsubiri, halafu wanaondoka mara tu akifika. Wao wamepumzika, yeye hajapumzika. Nimeona familia zikifanya hivi kwa nia njema kabisa na kushangaa kwa nini mtoto analia. Kila njia panda, wote wasimame mpaka wa mwisho afike.

Kwenye njia panda hiyo hiyo, geukeni nyuma mtazame. Njia ya kurudi haifanani na ya kwenda: mti uliouona upande huu una sura nyingine kutoka upande ule. Waulize watoto watakumbuka nini hapa. Watakuambia "jiwe lenye mgongo wa kobe" au "mti uliopinda goti", na majina hayo yatawasaidia sana saa ya kurudi.

Kigogo kikiwa kimelala njiani, usikiruke. Panda juu yake, tazama upande wa pili, ndipo ushuke, kwani nyoka hupenda kujibanza pembeni mwa magogo. Mikono isiingie kwenye mashimo wala chini ya mawe. Matunda pori na uyoga ni vya kutazama tu.

Halafu, wapeni muda. Mwanangu akiwa na miaka minne alichuchumaa juu ya jongoo kwa dakika kumi na moja. Nilizihesabu kwa sababu nilikuwa nimeanza kukosa subira. Jongoo alipanda juu ya jani, miguu yake ikienda kama wimbi linalotoka mkiani kwenda kichwani, akafika ukingoni, akapapasa hewa kwa pembe zake, akageuka. Mtoto akanong'ona, "Ameona hakuna njia." Tangu siku ile dakika za jongoo ziko ndani ya mpango wangu. Mwaka 1982 Idara ya Misitu ya Japani ilibuni neno shinrin-yoku, yaani kuoga msitu, kwa maana ya kuingia msituni na kukaa humo bila haraka. Mtoto aliyechuchumaa ameshalielewa neno hilo.

Kwa walio wakubwa kidogo kuna mchezo wa kupima urefu wa mti. Mtoto atafute kijiti kilicho sawa na umbali wa kutoka jicho lake hadi ngumi yake mkono ukiwa umenyooshwa. Akishike wima, mkono umenyooka, arudi kinyumenyume polepole, huku mtu mzima akimwangalia mgongoni, mpaka ncha ya chini ya kijiti ilingane na mguu wa mti na ncha ya juu ilingane na kilele. Pale alipo, umbali kati yake na mti unakaribia kuwa sawa na urefu wa mti. Ahesabu hatua kurudi mtini. Sura ya mtoto anapogundua kuwa amepima mti wa mita ishirini kwa kijiti, hutaisahau.

Hatua ya 7: Ziwani

Kabla ya kufungua chakula, kabla ya kuvua kiatu, watu wazima wapeane zamu ya macho. Mmoja anaangalia maji na watoto kwa dakika 15, bila simu, bila kupakua chakula, bila mazungumzo ya kumgeuza shingo. Kisha anamkabidhi mwenzake kwa maneno: "Zamu yako sasa." Bila hivyo, watu wazima wanne ufuoni kila mmoja huamini wengine watatu wanaangalia.

Nalisisitiza hili kwa sababu kuzama hakuko kama watu wanavyodhani. Mara nyingi mtoto anayezama hapigi kelele na hapungi mikono. Mdomo wake unazama na kuibuka, hana pumzi ya kuita, na kwa mtu aliye mita kumi inaonekana kama anacheza. Mtoto mdogo anaweza kuzama kwenye maji ya sentimita chache tu. Asiyejua kuogelea awe ndani ya urefu wa mkono wako wakati wote akiwa karibu na maji, na kwenye gati au jiwe lenye kina avae jaketi okozi.

Kisha tazama maji yenyewe. Yakiwa na utando wa kijani kama rangi iliyomwagika, hasa upande ambao upepo unasukumia, huo unaweza kuwa mwani wenye sumu. Msiyaguse, na mbwa asinywe; kuyachemsha hakuondoi sumu hiyo. Katika nchi za joto ulizia kichocho: minyoo yake hutoka kwa konokono waishio penye majani na maji yaliyotulia, na hupenya ngozi ndani ya dakika chache tu, kwa hiyo penye kichocho hata kuchovya miguu kusiwepo. Penye mamba au viboko, msisogelee ufuo bila mwenyeji anayelijua ziwa, na kibao cha onyo kiheshimiwe hata kama ziwa limetulia. Katika nchi za baridi hatari ni nyingine. Maji ya chini ya nyuzi 15 humfanya aliyetumbukia kutweta bila kujizuia. Mfundishe mtoto kulala chali na kuelea mpaka pumzi irudi, ndipo aogelee. Barafu ya ziwani isikanyagwe.

Haya yakishakaguliwa, furahini. Penye maji salama, lala kifudifudi ukingoni na mtoto, ukimshika kiunoni, mtazame wadudu wanaotembea juu ya maji. Miguu yao ina vinyweleo visivyoloa, na uso wa maji unabonyea chini ya kila mguu bila kupasuka. Kwenye matete tafuteni magamba ya kerengende: maganda makavu ya kahawia, yamekamata unyasi kwa makucha, mgongoni yamepasuka. Kabla ya kutokea hapo, mdudu yule aliishi chini ya maji akijisukuma kwa kurusha maji kwa nyuma. Mwambie mtoto wa miaka sita hilo, naye atalisimulia mwaka mzima.

Kisha mawe. Mwaka 2004 wanafizikia wa Ufaransa walionyesha kuwa jiwe hudunda vizuri zaidi likigusa maji likiwa limeinuka nyuzi 20 hivi. Chagua la bapa linaloenea kiganjani, kidole cha shahada kikumbatie ukingo wake, inama, urushe kwa kulizungusha. Rekodi ya dunia, iliyowekwa Marekani mwaka 2013 na Kurt Steiner, ni midundo 88. Hakikisha mbele hakuna mtu wala ndege.

Ndege wa majini wasipewe mkate. Hauwalishi inavyopasa, na unaobaki unaoza majini. Watazameni wakijitafutia.

Hatua ya 8: Kurudi

Geukeni saa ikifika. Waambie watoto dakika kumi kabla, tena mbili kabla, ili wasing'olewe kwenye mchezo ghafla. Wakaushe miguu hadi katikati ya vidole, soksi za akiba zivaliwe, kamba zifungwe upya kwa vile vitanzi.

Usiseme "tumekaribia" kama hamjakaribia. Mtoto akishadanganywa mara moja, neno lako halimsukumi tena. Sema ukweli kwa kipimo anachokijua: "Tunakwenda mpaka mti uliopinda goti. Hapo tunakula." Ndipo chakula kilichofichwa kinapotoka. Mpe aliyechoka kuliko wote kazi ya kuongoza kwa dakika kumi, ramani mkononi, akiamua kulia au kushoto. Wimbo wenye kiitikio nao husaidia. Akikaa chini na kukataa, keti naye, mpe maji, ngoja dakika tano. Kumburuta hakujawahi kuokoa muda.

Mambo yakienda kombo

Radi: ukiona mwanga, hesabu sekunde mpaka ngurumo. Kila sekunde tatu ni takriban kilomita moja. Chini ya sekunde 30, ondokeni kwenye maji na uwazi mara moja, muingie kwenye jengo au gari. Kama havipo, ingieni penye miti mifupi ya kimo kimoja, mbali na mti mrefu uliojitenga, na msisongamane. Subirini dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho.

Mkipotea njia, simameni wote. Kunyweni maji, fungueni ramani, rudini mpaka alama ya mwisho mliyoitambua, na msikate njia ya mkato porini. Mkishindwa, kaeni pamoja na mpige simu. Kama haishiki, tumieni filimbi: milima ya Ulaya ishara ni milio sita ndani ya dakika moja, Amerika Kaskazini ni mitatu.

Kifundo kikiteguka, mguu uinuliwe, ufungwe bandeji, upozwe kwa kitambaa kilicholowa. Asipoweza kuukanyagia hatua nne, usimlazimishe. Huenda ni mfupa, na huo ndio wakati wa kuomba msaada.

Mkifika nyumbani

Ogeni ndani ya saa mbili na mkaguane kupe, mahali penye kupe: nyuma ya masikio, kwenye nywele, kwapani, kitovuni, kwenye kinena, nyuma ya magoti. Akipatikana, mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, umvute moja kwa moja juu, taratibu, bila kumsokota. Msimpake mafuta wala kumchoma kwa moto. Osheni mahali hapo, andikeni tarehe, na mtu akipata homa au upele katika wiki zinazofuata amwonyeshe daktari tarehe hiyo.

Viatu vilivyoloa vitoe soli ya ndani, vijaze karatasi za gazeti, uviweke penye hewa, mbali na moto unaoweza kubandua gundi. Badilisha karatasi kabla ya kulala. Kisha, bado ukiwa unakumbuka, andika nyuma ya ramani mlitumia saa ngapi kwenda, saa ngapi kurudi, na mtoto alichoka wapi. Njia ya safari ijayo ipime kutoka hapo.